Pedali ya fazi yenyewe au fazi ya dijitali: cha kuangalia kabla hujachagua

Kama unapiga gitaa la umeme na unaitaka ile sauti ya fazi (fuzz), ile inayokwaruza na kunguruma na kuing'ang'ania noti mpaka inakaribia kupasuka, basi lazima ushakutana na hili swali: ununue pedali yenyewe ya sakiti na transista, au ubaki na ile iliyomo kwenye kompyuta au kwenye malti-efekti, yaani kifaa kimoja chenye efekti nyingi, ambayo pengine tayari unayo? Watu wanabishana sana hapa, na pande zote mbili zina watu wanaojua wanachosema, ila mara nyingi wanabishana huku kila mmoja ana fazi yake kichwani. Mmoja anawaza pedali ya Fuzz Face mwenzake anawaza ya Big Muff, na hizo mbili zinatofautiana kabisa kwenye jambo moja ambalo ndo linaamua karibu kila kitu, yaani pedali inashikana vipi na gitaa lako. Nitalirudia sana hili huko chini kwa sababu kwangu ndo kiini chenyewe, ukishalielewa nusu ya ubishi unaisha.

Tunalinganisha nini na nini

Upande wa kwanza ni pedali ya analogi. Hii sauti ilianza kwa hitilafu: kwenye rekodi ya mwimbaji Marty Robbins ya mwaka 1961 kule Nashville, mpiga gitaa Grady Martin alipiga solo ya besi kwenye chaneli ya mikseri iliyokuwa mbovu, ikatoka imekwaruza na wakaiacha hivyohivyo, halafu baadaye fundi wa sauti wa rekodi hiyo, Glenn Snoddy, akaunda sakiti ya transista ya kuipata sauti ile kwa makusudi. Gibson wakaitoa 1962 kwa jina la Maestro FZ-1. Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia 1965 dunia nzima ikaitaka. Mwaka huohuo Gary Hurst akatengeneza Tone Bender pale London, 1966 kampuni ya Arbiter ikaja na Fuzz Face ile ya duara, na 1969 Electro-Harmonix wakatoa Big Muff Pi. Hizi nne ndo mababu, karibu kila fazi utakayoikuta leo ina damu ya mojawapo.

Upande wa pili ni dijitali, na hapa watu wanachanganya vitu vitatu ambavyo havilingani. Kuna programu na plagini za kompyuta kama AmpliTube na Guitar Rig, au zile pedali zinazokuja ndani ya GarageBand. Kuna malti-efekti za sakafuni kama Helix ya Line 6 au Axe-Fx ya Fractal, ambazo ni kompyuta iliyojengwa kwa kazi hiyo moja tu. Halafu kuna kepcha, kama NAM ya bure ya Steven Atkinson au ToneX ya IK Multimedia, ambapo pedali halisi inapitishiwa sauti ya majaribio kisha mtandao wa neva unajifunza kuiga kilichotoka. Njia mbili za kwanza mara nyingi zinaiga sakiti yenyewe kipande kwa kipande, hii ya tatu inaiga matokeo tu bila kujua ndani kuna nini. Tofauti hiyo itatusumbua baadaye kidogo.

Vigezo nitakavyotumia ni hivi: fazi inavyoitikia mkono na nobu ya volyumu ya gitaa, sauti yenyewe hasa noti za juu, uthabiti wake toka siku hadi siku, inavyokaa na vifaa vingine, kurekodi, na mwisho matunzo na umri. Pande zote zinapimwa kwa hivyo hivyo. Cha kwanza nitakikalia muda mrefu kuliko vingine, na ni kwa kusudi.

Mkono wako na nobu ya volyumu

Ukiifungua Fuzz Face ya zamani utashangaa jinsi ilivyo tupu. Transista mbili, rezista nne, kapasita tatu, nobu mbili, basi. Hakuna kitu mlangoni kinachotenganisha gitaa na transista ya kwanza, pikapu za gitaa lako (zile sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa waya) zinaingia moja kwa moja kwenye sakiti, na impidansi ya mlango wake, yaani ukinzani ambao gitaa linakutana nao, ni ndogo sana, kama kilo-ohm kumi hivi au pungufu, wakati mlango wa kawaida wa amplifaya ya gitaa ni mega-ohm 1. Maana yake pedali inaielemea pikapu, inaizima makali ya juu kidogo, na pikapu nayo inakuwa sehemu ya sakiti. Gitaa lako hapo ni kipande cha pedali, sio chanzo cha sauti tu.

Sasa fanya hivi: weka fazi yote juu, volyumu ya gitaa kwenye 10, piga kodi, utapata ukuta wa kelele. Usiguse pedali, rudisha volyumu ya gitaa mpaka 7. Fazi inapungua na kufunguka, unaanza kusikia kila waya peke yake. Shuka mpaka 5 hivi, fazi inakuwa imeondoka karibu yote na kinachobaki ni sauti safi yenye mng'ao, kali kidogo kuliko gitaa lenyewe bila pedali, na wapigaji wengi wanaipenda hiyo sauti kuliko hata fazi yenyewe! Ukiteremsha volyumu unaongeza ukinzani kati ya pikapu na pedali, mkondo unaoingia unapungua na ule mwelemeo unalegea kwa mpigo mmoja. Kuna watu wanamaliza shoo nzima na pedali haijazimwa hata mara moja, kila kitu kinafanyika kwa kidole kidogo kwenye nobu. Hii ndo sababu kubwa ya pedali za aina hii kupendwa mpaka leo.

Dijitali hapa inaanza na mzigo. Gitaa likiingia kwenye intafesi ya sauti (kile kifaa cha kuingiza gitaa kwenye kompyuta) linakutana na mlango wa mega-ohm 1, halijaelemewa na chochote, na programu inapokea sauti ambayo tayari imeshakuwa tofauti na ile ambayo Fuzz Face halisi ingepokea. Watengenezaji wazuri wanalijua hili na wanaigiza pikapu na nobu kwa hesabu ndani ya programu, na wengine wanafika mbali kweli, lakini hesabu haijui gitaa lako lina pikapu gani wala kebo yako ina urefu gani. Baadhi ya malti-efekti zimetafuta dawa ya kweli: Helix kwa mfano inakuruhusu kubadilisha impidansi ya mlango toka mega-ohm 1 mpaka kilo-ohm 10, na ukiiweka kwenye otomatiki inafuata kifaa cha kwanza kwenye mnyororo. Ukiwa na kifaa cha namna hiyo usiiache hiyo sehemu ilivyokuja, iguse, utaisikia fazi ikianza kuitikia volyumu kwa namna ambayo hukuizoea. Axe-Fx nayo ina kitu cha hivyo.

Kepcha ndo dhaifu zaidi hapa. Wakati wa kuichukua, pedali ililishwa sauti kutoka kwenye intafesi kupitia kiboksi cha riampu (kinachoishusha sauti ya intafesi iwe kama ya gitaa), haikuwahi kuiona pikapu. Kwa hiyo kepcha ya Fuzz Face ni picha ya mtu, sura ni yake kabisa ila huwezi kuongea naye. Ukishusha volyumu itapungua fazi, ndio, kwa sababu mtandao umejifunza sauti ndogo inatokaje, ila ule mng'ao wa pale kwenye 5 mara nyingi haupo, panabaki sauti iliyopoa. Na nobu za pedali ziko palepale zilipokuwa siku ya kuchukua kepcha, ukitaka fazi nusu unatafuta kepcha nyingine.

Sasa geukia Big Muff, mambo yanabadilika. Ina transista nne zilizopangana, fazi inatengenezwa katikati na daiodi, na ile hatua ya kwanza inaikinga sakiti iliyobaki isiguswe sana na gitaa. Ukishusha volyumu haisafiki, inapungua tu na kuwa ndogo. Wala haijaundwa kusafika, kazi yake ni kuimba kwa muda mrefu na kujaza nafasi yote, ndo maana David Gilmour wa Pink Floyd aliitumia kwa zile noti zake ndefu. Kwa kuwa haiongei sana na gitaa, dijitali haina kikubwa cha kukosa. Mimi naona uigaji mzuri wa Big Muff, hata kepcha, unakaribiana na pedali kiasi kwamba ukiambiwa uchague kwa masikio tu utapata shida kweli. Kwa hiyo mtu akisema dijitali haiwezi fazi muulize kwanza, fazi ipi?

Sauti yenyewe na mzuka wa noti za juu

Fazi inakata vilele vya wimbi karibu liwe mraba, na wimbi la mraba lina harmoniki (sauti za juu zinazozaliwa na noti, zikiwa mara kadhaa ya masafa yake) zinazopanda juu bila kikomo cha maana. Kwenye analogi hilo sio tatizo, kinachozidi kinapotelea kwenye waya na spika. Kompyuta ina ukuta. Ikifanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde haiwezi kubeba chochote kilicho juu ya 24,000 Hz, na kinachozidi hakifutiki, kinagonga ukuta na kurudi chini kikiwa noti nyingine kabisa. Chukua noti ya juu kabisa shingoni, kama 1,100 Hz hivi. Harmoniki yake ya 31 iko 34,100 Hz, inagonga ukuta na kurudi ikiwa 13,900 Hz, ambayo haina undugu wowote na noti uliyopiga. Zikiwa nyingi unasikia mchanga au kioo kimepondwapondwa nyuma ya sauti, wala sio joto la fazi.

Kuna njia rahisi ya kuikamata. Piga noti ya juu kisha uivute waya polepole, noti ipande. Harmoniki za kweli zote zinapanda pamoja na noti, ile mizuka mingi inashuka. Ukisikia filimbi ndogo inateremka wakati wewe unapanda, umeipata. Dawa yake ni programu kufanya hesabu kwa kasi kubwa zaidi ndani kwa ndani, mfano mara nane, hapo ukuta unasogea mpaka 192,000 Hz na kinachorudi kinakuwa kidogo sana. Plagini nyingi za sasa zina sehemu ya kuchagua kasi hiyo, inaitwa ubora wa juu au kitu kinachofanana, na mara nyingi inakuja imezimwa ili kuokoa nguvu ya kompyuta. Kwa amplifaya safi unaweza usiijali, kwa fazi iwashe. Na kwa fazi za oktavi, zile zinazoongeza noti ya oktavi moja juu, za ukoo wa Octavia, ile ya Roger Mayer ambayo Hendrix aliitumia 1967, iwashe bila kufikiria mara mbili kwa sababu zile zinakunja wimbi na harmoniki zinakuwa nyingi zaidi.

Analogi nayo ina makelele yake, tusiifanye malaika. Fazi za transista za silikoni zina nguvu nyingi na zinaweza kunasa redio kabisa ukasikia mtangazaji katikati ya solo, mafundi wengi wanaweka kapasita ndogo kuzuia hilo. Na pikapu za koili moja mbele ya fazi zinavuma tu, iwe analogi iwe dijitali, hapo tofauti ni kwamba malti-efekti inaweza kuweka geti (kinachokata sauti ukinyamaza) mlangoni ikisikiliza gitaa safi kabla ya fazi, kwa hiyo inajua vizuri lini umenyamaza.

Leo hivi kesho vile

Gerimani, lile madini la transista za mwanzo, haipendi kubadilishiwa joto. Mkondo unaovuja ndani ya transista unakua karibu mara mbili kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, na ukikua unavuruga ule mpangilio wa volti ambao fundi aliuweka. Kwenye Fuzz Face mafundi wengi wanalenga volti 4.5 kwenye kolekta ya transista ya pili, nusu ya betri. Peleka pedali hiyo kwenye jukwaa la juani mchana, volti inahama, sauti inakuwa nyembamba na kukatikakatika kama betri imeisha. Usiku kukipoa inarudi. Ndo maana utaona fazi za gerimani za siku hizi zina nobu ndogo ya ziada ya kurekebisha, na kama unapiga sana nje nakushauri usinunue isiyo nayo. Silikoni haina huo usumbufu, inakaa ilivyo kwa jua na kwa baridi, ila ni kali zaidi na ina fazi ya kuuma zaidi.

Pia pedali mbili za gerimani za modeli ileile zinaweza kutofautiana waziwazi, kwa sababu transista zenyewe zilitoka kiwandani zikiwa hazilingani. Wengine wanaipenda hii, ya kwako inakuwa ya kwako peke yako. Ila ina maana ukisikia ya mtu ukaipenda, kununua yenye jina lilelile sio ahadi kwamba utapata ileile.

Dijitali hapa iko imara moja kwa moja. Ulichohifadhi jana ndo unachopata leo na mwakani, kwa joto lolote, kwenye ukumbi wowote. Ila kumbuka waliochagua pedali ya kuiga walichagua moja, hiyohiyo, na kama ile moja haikuwa ya ladha yako basi uigaji mzuri kiasi gani hautakusaidia. Halafu kuna fazi ambazo fujo ndo uhai wake. Fuzz Factory ya Z.Vex ya 1995 ina nobu tano zinazoingiliana, ukigusa moja nyingine inabadilika, inapiga miluzi yenyewe na mluzi unabadilika ukigusa nobu ya gitaa. Unaweza kuiga milio yake lakini ile raha ya kuiwinda na kuikamata kwa mkono, hapo analogi bado iko mbele sana kwa maoni yangu.

Kukaa pamoja na vifaa vingine

Fuzz Face na ndugu zake wanataka kukaa wa kwanza baada ya gitaa. Ukiweka pedali yenye bafa (sakiti ndogo inayotenganisha gitaa na kinachofuata) mbele yake, hata tyuna tu, ile ndoa ya pikapu na pedali inavunjika na sauti inakuwa kali na ya kukera, na nobu ya volyumu haifanyi tena ile kazi. Pedali ya wah (ile ya kukanyaga inayofanya gitaa lilie "wah-wah") mbele ya Fuzz Face nayo inaleta ugomvi, mwendo wa wah unapungua au inaanza kupiga mluzi. Wanaopiga bila kebo, yaani kwa wayalesi, wajue risiva yake ni bafa tayari. Kuna vifaa vidogo vinavyoigiza pikapu kwa koili, unavipachika kati ya bafa na fazi, vinasaidia sana.

Umeme pia. Fazi nyingi za gerimani za mtindo wa zamani zina chanya kwenye ardhi (upande chanya wa betri ndo umeunganishwa na ardhi ya sakiti), kinyume na pedali nyingine karibu zote, ukiziunganisha kwenye waya mmoja wa umeme na zingine unapiga shoti. Betri au tundu lililojitenga, basi. Uzuri wake zinakula umeme kidogo sana, betri moja ya volti 9 inakaa muda mrefu ukikumbuka kuchomoa kebo ukimaliza, na wapigaji wengi wanaapa kwamba betri ya kaboni na zinki ya bei ya chini, ikishachoka kidogo, ndo inaleta sauti tamu.

Dijitali inakuondolea yote haya. Weka fazi ya kwanza, ya tatu, baada ya dilei, haijali, wah mbele yake haipigi kelele. Malipo yake ni umeme, inataka mamia ya miliampia na adapta yake mwenyewe, betri ndogo sahau. Na kwa upande wa kompyuta kuna kuchelewa: bafa ya programu (hii ni nyingine, ni akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128 kwa 48,000 ni milisekunde 2.7 kila upande, kuingia na kutoka, ongeza na vibadilishaji vyenyewe. Ukiweka 64 unapunguza nusu. Wengi hawasikii chini ya milisekunde kumi jumla, ila kwenye fazi mkono unahisi mapema kuliko sikio, noti inakuwa kama inakuja kwa kusita. Malti-efekti za sakafuni hapa ziko vizuri, kuchelewa kwake ni kudogo.

Kurekodi

Hapa dijitali ina hoja nzito. Unarekodi gitaa tupu, fazi unaichagua baadaye, ukibadilisha mawazo hupigi upya, na besi na ngoma zikishaingia na ukagundua fazi imemeza kila kitu unaipunguza tu. Kwenye miksi iliyojaa sidhani kama msikilizaji atajua ipi ni ipi, na nimeshasikia mafundi wazuri wakibahatisha wakakosea.

Jambo moja linaloharibu fazi za dijitali kuliko yote ni kiwango cha kuingilia. Watu wanapandisha gain (nguvu ya kuingilia) ya intafesi mpaka taa inakaribia nyekundu kwa sababu ndo walivyofundishwa kwa vokali, kumbe plagini ilitegemea gitaa liingie na nguvu yake halisi. Matokeo fazi inajaa mno, haina pumzi, mtu anasema dijitali mbaya. Plagini nyingi za gitaa zinataka gain iwe chini kabisa kwenye mlango wa gitaa, soma maelekezo ya yako, zingine zinasema kabisa kiwango gani. Jaribu hilo kabla ya kuhukumu.

Pedali halisi kwenye kurekodi inakulazimisha uamue mapema, na hilo wengine wanalitaka, unapiga ukiisikia sauti yenyewe na mkono unaifuata. Ila usiichomeke fazi moja kwa moja kwenye intafesi ukategemea muujiza, fazi imezoea spika ya gitaa ambayo inakata sana sauti za juu ya 5,000 Hz hivi, bila hiyo spika inatoka kama nyuki ndani ya kopo. Weka uigaji wa kabineti (boksi la spika) baada yake. Na hapa ndo kuna njia ya kati ambayo naipenda sana: gitaa, fazi halisi ya analogi, halafu intafesi, halafu amplifaya na kabineti za dijitali. Ile ndoa ya pikapu na pedali inabaki ya kweli, yaliyobaki yote yanaigwa vizuri tu.

Matunzo na umri

Fupi tu. Pedali inachakaa nobu na tundu za jeki, fundi yeyote wa redio anaitengeneza, na kuna Fuzz Face za miaka ya sitini zinapiga hadi leo. Sakiti yake ni ndogo kiasi kwamba anayejua kushika kichomelea anaweza kujijengea mwenyewe. Tatizo lake kubwa ni transista za gerimani, nzuri zinazidi kuadimika. Programu haichakai lakini inategemea wengine: mfumo wa kompyuta ukisasishwa inaweza kugoma, leseni ikitaka kuhakikiwa na huna mtandao umekwama, na kampuni ikiacha kuihudumia ndo basi. Malti-efekti iko katikati, itafanya kazi miaka mingi ila ikifa bodi yake fundi wa mtaani hana la kufanya. NAM kwa kuwa ni chanzo huria na mafaili unayo mwenyewe, wasiwasi wa kampuni kufunga unapungua.

Uende na ipi kwa hali yako

Kama unapiga na bendi, una amplifaya yako, na unapenda kuongoza kila kitu kwa nobu za gitaa, na fazi unayoiota ni ya ukoo wa Fuzz Face au Tone Bender, chukua pedali. Silikoni kama unapiga nje kwenye jua, gerimani yenye nobu ya kurekebisha kama mara nyingi uko ndani. Iweke ya kwanza na tyuna iende nyuma yake.

Kama bendi yako inapiga nyimbo za watu, leo fazi ya sitini kesho ukuta wa Big Muff, katikati oktavi moja tu kwenye wimbo mmoja, malti-efekti itakubebea yote kwa mfuko mmoja na itakuwa ileile kila usiku. Tafuta yenye impidansi ya mlango inayobadilika, ni kigezo ambacho hakisemwi sana kwenye matangazo ila kwa fazi kinaleta tofauti unayoisikia.

Anayerekodi nyumbani kwa hedifoni, majirani ukuta kwa ukuta, sioni sababu ya kuanza na pedali. Plagini yenye kasi ya ndani ya kuchagua inatosha sana, na kepcha za bure za Big Muff na ndugu zake zitakupeleka mbali. Ukishajua unaipenda fazi ya aina ya kuongea na gitaa ndo uongeze pedali moja tu mbele ya intafesi, ile njia ya kati niliyoisema.

Mpiga besi ana jambo lake: fazi nyingi zinakula sauti ya chini. Dijitali inarahisisha kugawa njia mbili, moja safi ya chini na moja ya fazi ya juu, ukachanganya. Kwa analogi tafuta pedali yenye nobu ya kuchanganya sauti safi, vinginevyo utapotea kwenye bendi ukidhani spika imeharibika.

Anayetafuta fujo, miluzi, sauti ambazo hata yeye hajui zitatokaje, achukue pedali na asitazame nyuma. Anayeogopa hizo fujo zisije zikamtokea katikati ya ibada au harusi ya watu, dijitali.

Na ambaye bado hajui, azima pedali ya mtu kwa jioni moja, ya ukoo wa Fuzz Face, na ufungue uigaji wake pembeni. Piga kile unachopiga siku zote, sio mazoezi ya kujaribia pedali. Angalia mkono wako: kama unajikuta unaenda kwenye nobu ya volyumu bila kufikiria, unashusha, unapanda, unatabasamu, basi tafuta ya kwako ya analogi. Kama nobu imekaa kwenye 10 muda wote na hukuikumbuka, rudisha pedali ya watu na ubaki na dijitali, hiyo pesa weka kwenye spika au pikapu nzuri, utaisikia zaidi huko.